Mlinzi Tuliyemfuta kwenye Hesabu

Kwako Zaituni,

Sisi unaotuacha hatujambo, na wewe nimekuona asubuhi yote ukizunguka uani na begi lako, kwa hiyo salamu tuziache hapo. Umekwenda mtaa wa Ng'ambo kuwaaga shangazi zako. Najua watakuweka mpaka magharibi, watakupa karanga, asali na mawaidha. Baba yako amejinyoosha kwenye mkeka barazani. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu.

Jana tulipokuwa tunakula ulimuuliza baba yako, "Baba, nikifika kazini nikapiga hesabu ya jengo, halafu bosi akaniambia bei iko juu nipunguze, nifanyeje?" Baba yako alicheka kidogo. Akasema, "Muulize mama yako, ndiye mwenye hesabu." Ukanigeukia. Nami nikakwambia ukatoe nguo kwenye kamba, mvua inakuja. Mvua haikuja. Ulikwenda ukatoa nguo, ukazikunja, wala hukuuliza tena. Una adabu, mwanangu, na mara nyingine adabu yako hunipa mahali pa kujificha.

Leo nataka kukujibu. Habari za blanketi, na za kufunga mlango, na za wanaume wa kule uendako, nimekwisha kuzisema mpaka umezichoka, sitazirudia. Hili la kupunguza bei ndilo sijawahi kukwambia vizuri. Unalijua kwa nje, kama watu wa mtaani wanavyolijua: kwamba baba yako aliteleza kwenye jukwaa akaumia mgongo. Ni kweli aliteleza. Lakini kuteleza kwake kulianza miezi mingi kabla, hapahapa mezani, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa zamani. Baba yako alikuwa fundi ambaye watu walimfuata nyumbani. Ukuta wake ulinyooka bila kusumbuana sana na pima maji. Alikuwa akiangalia kiwanja, anatembea huku na huku, anakwambia matofali yatakayoingia, na yakiisha yanabaki machache ya kuwekea mtungi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi duka la vifaa vya ujenzi tangu nikiwa msichana. Bei ya saruji, nondo, bati na misumari niliijua kama watu wengine wanavyojua majina ya watoto wa jirani. Tulipooana tukaunganisha hayo mawili. Yeye anapima, mimi naandika. Tukajisajili ukandarasi, ule wa daraja la chini kabisa, tukachonga muhuri.

Kwa miaka mingi hatukupata hasara hata mara moja, na hilo ndilo lililotuponza. Nyumba zetu zote zilikuwa mjini, nyingi hapo Ng'ambo kwa wafanyabiashara na mafundi wenzetu. Saruji tuliilaza nyumbani kwetu. Mafundi walikula chakula changu mchana. Mlinzi alikuwa ni mwenye nyumba mwenyewe, au jirani yake asiyelala. Zege lilichanganywa kwa sepetu, na sepetu zilikuwa zetu. Baba yako alikwenda kazini kwa baiskeli, akarudi kulala kwake. Kwa hiyo tulipoandika hesabu tuliandika vifaa na ujira wa mafundi, tukaongeza kidogo juu, na kile kidogo kikabaki. Tukaamini kwamba tunajua kupiga hesabu. Kumbe kulikuwa na gharama nyingi zilizokuwa zinalipwa na jiko langu, na baiskeli ya baba yako, na ukaribu wa mahali, nasi hatuzioni kwa sababu hakuna aliyekuja kutudai.

Halafu ikaja kazi ya ghala.

Kilikuwa chama cha wakulima wa tumbaku, kijiji kimoja huko upande wa Sikonge, mbali na lami. Walitaka ghala la kuhifadhia tumbaku kabla ya msimu wa masoko, lenye sakafu ya zege na mkanda wa zege juu ya kuta. Wakaita wakandarasi watume bei. Tulikwenda kuangalia eneo wakati wa kiangazi. Barabara ilikuwa ngumu kama sakafu, mbuga imekauka na kupasuka, unapita juu yake huku unaongea. Mwenyekiti wao, Mzee Maganga, alitupokea kwa ugali na maziwa ya mgando, akatutembeza. Mtu mpole, mwenye sauti ndogo. Baba yako akapima kwa hatua, nami nikaandika.

Tuliporudi nilikaa na ile kazi kwa siku kadhaa, na nitakwambia ukweli, niliifanya vizuri. Usije ukafikiri mama yako hakujua. Niliweka vifaa. Niliweka ujira. Nikaweka mashine ya kuchanganyia zege ya kukodi, na kwa sababu duka letu la zamani lilikuwa likikodisha, nilijua kwamba mashine hulipiwa kwa siku, ichanganye zege au ilale. Nikaweka kuipeleka na kuirudisha, dizeli, mtu wa kuiendesha, na siku za ziada endapo itakaa bure. Nikaweka mlinzi wa usiku. Nikaweka chakula cha mafundi, vocha za simu, bodaboda za dharura, miti ya kutosha ya jukwaa. Mwisho kabisa nikaweka mshahara wa msimamizi, ambaye ni baba yako, na kidogo kwa ajili yangu mimi ninayekimbizana na karatasi. Kisha ndipo nikaweka faida.

Jumla ilipotoka tuliiangalia wote wawili.

"Hatupati," baba yako akasema. "Kuna watu watatu wengine. Punguza."

"Nipunguze wapi?"

"Huyu mlinzi wa nini? Mimi si nitakuwa huko huko?"

"Utalinda usiku na kujenga mchana?"

"Kwani nitakuwa silali? Nitalala palepale kwenye saruji. Na hapa, msimamizi. Msimamizi ni nani?"

"Wewe."

"Basi mimi si gharama, mimi ndiye mwenye kazi. Mwenye kazi anakula mwishoni."

Ndivyo alivyosema, na hakusema kwa ubaya. Kwao hakuna aliyelelewa kujiandikia ujira. Bibi yako, mama yake, alikuwa jikoni akatusikia. Babu zake walikuwa wapagazi wa njia ya pwani, na yeye alikulia kwenye masimulizi yao. Akatokeza kichwa mlangoni akasema, "Mzigo unabebwa na bega, lakini bega linabebwa na posho. Misafara iliyolala njiani ni ile iliyopunguza posho ili ibebe mzigo zaidi." Tukamwambia ndiyo mama, tukamtania kidogo, akarudi kwenye sufuria yake.

Nikafuta mlinzi. Nikafuta msimamizi na nikajifuta mimi. Siku za ziada za mashine nikaziondoa zote, nikasema tutajipanga. Miti ya jukwaa nikaipunguza. Ukiniuliza leo kwa nini, siwezi kusema baba yako alinilazimisha. Alisema punguza, lakini kalamu hakuishika. Mimi niliitaka ile kazi kuliko yeye. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza kubwa nje ya mji, na nilitaka wanawake wenzangu waliobaki pale dukani wasikie kwamba tumejenga ghala. Nilikuwa najua kila nilichokifuta kitakuja kutudai. Nilichojidanganya ni kwamba kitatudai kidogo kidogo.

Tukashinda. Mzee Maganga alipiga simu mwenyewe kutupongeza.

Wewe ulikuwa bweni, kidato cha pili. Tulikuwa tukikupigia kila Jumapili, tunakwambia kazi inaendelea vizuri. Mwanzoni ilikuwa kweli. Msingi ulisimama, kuta zikapanda. Kisha mvua zikawahi.

Mbuga ile tuliyopita tukiongea ikawa uji. Lori la mchanga lilikwama likalala siku kadhaa, magurudumu hayaonekani. Mashine ilikuwa imeshafika, imefunikwa turubai pale kiwanjani, na kila kulipokucha inahesabiwa siku nzima ingawa haijazunguka. Mwenye mashine sikumlaumu. Alikuwa na mkopo wake. Aliniambia, "Dada, mashine yangu haijui kama kwenu kunanyesha." Mifuko mingine ya saruji ikapata unyevu ikawa mawe. Mkanda wa mashine ulikatika, kijana akatoka mjini na bodaboda kuleta mwingine, na nauli yake ile moja ilimeza faida yote ya mlango mmoja. Nikawa nakaa hapa mezani nikijumlisha, na ile jumla niliyoikataa mwanzo nikaiona inarudi, safari hii bila kuniomba ruhusa.

Nikapanda gari kwenda kumwona Mzee Maganga. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamwomba chama kituongezee fedha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Zaituni," akasema, "naona kwa macho yangu mnavyohangaika. Lakini bei yako niliisoma mimi mwenyewe mbele ya wanachama. Nikirudi kwao na nyingine wataniuliza tumekula wapi, mimi na wewe. Kama mngetaja hiyo bei mwanzo, labda tungewachukua hivyohivyo. Labda tusingewachukua. Lakini tungekuwa tumesema ukweli."

Alinipa gunia la mahindi kwa ajili ya mafundi. Ndilo alilokuwa nalo lisilo la chama. Sijawahi kumchukia yule mzee, ingawa nilijaribu.

Baba yako alikuwa amekwisha kuwa watu wanne. Mchana ni fundi na msimamizi. Jioni ni karani wa vifaa. Usiku ndiye mlinzi. Kulikuwa na wizi wa nondo vijiji vya jirani, kwa hiyo hakulala kweli, alikuwa akisinzia juu ya mifuko ya saruji na tochi mkononi, mvua ikipiga turubai. Nilipokwenda nilimkuta amekonda, macho mekundu. Nikamwambia tutafute mlinzi, hata wa kijijini. Akasema, "Kwa fungu lipi?" Fungu lenyewe nililifuta mimi.

Siku ya kumwaga mkanda wa juu kulikucha jua. Wakaamua kumaliza wote siku ileile ili mashine irudishwe mjini kesho yake. Vibarua walikuwa wachache kuliko inavyotakiwa. Walianza asubuhi, na ilipofika jioni bado upande mmoja. Baba yako alikuwa juu anapokea karai za zege. Jukwaa la upande ule lilikuwa na nguzo chache, wamehamishahamisha miti kutoka upande mwingine kwa kuwa haikutosha. Fundi mwenzake aliyekuwa chini aliniambia baadaye kwamba ubao haukuvunjika. Ulisogea. Mtu aliyelala usiku angeushika ukuta. Baba yako alisimama tu kana kwamba anafikiri jambo, kisha akaenda nao chini.

Mzee Maganga ndiye aliyemleta mjini, kwenye gari la chama, akimshikilia kichwa njia nzima.

Tulikwambia baba ameteleza, usijali, anaendelea vizuri, soma. Ulisoma. Ulipofunga shule ukamkuta anatembea na fimbo, ukauliza maswali machache, tukakujibu kwa kifupi, na jambo likaisha hivyo. Nadhani ulijua kwamba kuna kitu. Watoto wanaopewa majibu mafupi huwa wanajua.

Ghala tulilimaliza. Ilibidi. Nilikwenda mimi, na suruali ya baba yako chini ya gauni, nikakaa kule mpaka bati la mwisho lilipopigwa. Fedha ya kumalizia ilitoka Ntalikwa. Lile shamba nililogawiwa na babu yako, lenye miembe michanga na kisima, ndilo nililoliuza, likaezeka ghala la watu. Mjomba wako hakuniambia neno, lakini tangu siku ile akija hapa anakaa karibu na mlango. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini siku hizi hatulimi Ntalikwa. Ndiyo hiyo.

Na ghala ni zuri. Limesimama, halivuji, tumbaku inakaa kavu. Wanachama walifurahi sana wakatusifu kila mahali. "Watu wazuri," wakawa wanasema, "na bei yao nafuu." Basi wakaanza kuja wengine, kila mmoja anataka bei ileile. Nikawa nawatazama, nashindwa hata kuwaeleza.

Nikaanza kuandika bei kamili. Nilijiapiza. Mlinzi yumo, siku za mvua zimo, msimamizi yumo, mimi nimo. Nikashindwa zabuni ya kwanza, ya pili, na nyingine nyingi baada ya hizo. Hicho ndicho kipindi tulichokula maharage mpaka ukayachukia. Usidhani kwamba mtu akishajifunza kosa lake dunia humlipa kwa kujifunza. Mara nyingi humwacha amekaa na ukweli wake na chungu kitupu.

Kulikuwa na nyumba ya mwalimu, hukohuko Ntalikwa, niliyoitaka sana. Akaichukua mtu anaitwa Luhende, kwa bei ambayo nilipoisikia nilisema huyu ni mwizi au mwendawazimu. Nikaenda kuangalia. Naona aibu kukwambia, nilikwenda nikitumaini kukuta udongo mahali pa saruji. Nikapitisha ukucha kwenye plasta. Ilikuwa ngumu, nzuri. Luhende mwenyewe akatoka nyuma ya ukuta, mtu mrefu, amejaa vumbi.

"Unakagua, mama?"

"Napita tu."

"Pita na huku basi, upande huu ndio mbovu," akasema, na akanionyesha pembe moja ambayo kweli haikukaa vizuri.

Nikamuuliza waziwazi amewezaje ile bei. Akanionyesha mashine yake ya zege, kuukuu, imepakwa rangi mara nyingi. "Mashine yangu mwenyewe. Vijana ni wanangu. Silipi siku za kulala."

"Na ikifa?"

"Kila kitu kina siku yake," akasema.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimejijengea imani kwamba kila mwenye bei ya chini anamwibia mtu. Huyu hakuwa anamwibia mtu, angalau si mtu niliyeweza kumwona. Alikuwa na njia tofauti na yangu ya kufanya kazi, na njia yake ilikuwa nafuu. Ilinichukua muda kukubali kwamba bei yangu kamili ilikuwa sahihi kwangu mimi tu, na kwa mtu mwingine ingeweza kuwa kubwa kweli.

Mashine yake ilikufa. Ilikufa katikati ya kazi nyingine, injini ilipasuka, na hakuwa ameweka kando hata shilingi kwa ajili ya siku hiyo, maana aliihesabu mashine yake kuwa bure. Wanawe wawili walikuwa wamemkimbia, wamechoka kufanya kazi ya baba bila ujira. Akaja hapa nyumbani jioni moja. Wewe ulikuwa chuo. Alikaa na baba yako barazani, wakazungumza habari za mawe na matofali muda mrefu, kisha baba yako akaniita.

"Huyu bwana anajua kujenga kuliko mimi," akasema. "Na hesabu hajui kama mimi nilivyokuwa sijui. Mnaonaje?"

Hivyo ndivyo Luhende alivyokuwa Mjomba Luhende unayemfahamu. Tunafanya kazi pamoja mpaka leo. Mimi naandika bei, yeye ananiambia pale ninapoogopa kupita kiasi. Kazi tunazopata si nyingi. Mwaka jana tulikaa muda mrefu bila hata moja. Lakini waliofanya kazi nasi wamelipwa, na usiku wamelala.

Sasa swali lako.

Bosi akikwambia punguza, usikatae papo hapo kama mtu aliyekanyagwa. Inawezekana yuko sahihi. Rudi kwenye hesabu yako uangalie kama umeweka mashine siku tatu mahali pa mbili kwa sababu hukuzipanga kazi zifuatane, au kokoto umezitoa mbali wakati zipo karibu. Mimi nimewahi kupunguza sana kwa njia hiyo na hakuna aliyeumia. Hiyo ni kazi, na utaipenda.

Lakini itafika mahali pasipo na cha kupanga upya, na bado atasema punguza. Hapo muulize kama nilivyomuuliza baba yako: nipunguze wapi? Mwache yeye ataje. Mimi kosa langu ni kwamba nilipotajiwa nilinyamaza, nikafuta, kisha nikajifanya kwamba kilichofutwa hakipo tena. Kinakuwepo. Mlinzi atahitajika hata kama hayumo kwenye karatasi, na kama halipwi na kazi atalipwa na mtu fulani, kwa usingizi wake au kwa shamba la baba yake. Mtafute huyo mtu ni nani kabla hujafuta. Kama huwezi kumtaja, usifute.

Na kuna siku utaamriwa, utafuta, kwa sababu unahitaji ile kazi. Sitakwambia siku hiyo uache kazi utoke. Mimi si wa kukwambia hivyo. Ila siku hiyo andika pembeni ulichokifuta, na ukipata nafasi nenda mwenyewe ukaangalie kule jengo linakojengwa. Usikae ofisini ukazisikia habari kwa simu kama nilivyozisikia mimi za baba yako kuanguka.

Nimechoka, Zaituni. Nimeandika kirefu kuliko nilivyokusudia, na vidole vinaniuma. Sikuandika ili unionee huruma, wala ili umtazame baba yako kwa jicho jingine. Yeye na mimi tulikwisha kuzungumza. Ilituchukua mwaka mzima na zaidi, na mara nyingine tulizungumza kwa kununiana. Siku moja alisema tu, "Tulikuwa wawili pale mezani," na tangu hapo nimeweza kulala.

Mshahara wako wa mwanzo usitume nyumbani. Baba yako atakwambia hatuhitaji kitu, na atakuwa anasema uongo. Mimi nakwambia tunahitaji, lakini miezi ya mwanzo jilishe wewe, pata kitanda, lala vizuri. Tutakapobanwa nitakwambia kwa mdomo wangu, sitaacha ukisie.

Jambo la mwisho ni la kesho. Baba yako amekwisha kusema kwamba atakusindikiza stendi, na atataka kubeba begi lako. Mpe lile dogo. Usimwambie habari za mgongo, anaujua mgongo wake. Usitembee mbele yake, na usimpunguzie mwendo mpaka akagundua. Nimekwisha kumwambia mwenye bajaji atuache pale kwenye kona ili atembee kidogo na wewe. Tutatoka nyumbani mapema kuliko ulivyopanga. Muda wake nimeuweka kwenye hesabu.

Nasikia mlango wa uani, umerudi. Nakwenda kukupokea hizo karanga.

Mimi niliyekuzaa,
Mama